Saratani changa ya tumbo: nani achunwe kwa kamera, nani apelekwe kwa mpasuaji

Doa la milimita 18 kwenye ukuta wa tumbo, limebonyea kidogo, wekundu wake umekoza kuliko utando unaolizunguka. Endoskopu, kamera ya mrija inayopitishwa mdomoni, inalifikia bila taabu. Mkono uliozoea unaweza kulichuna lote kwa muda wa saa moja hivi, likatoka kipande kimoja, na mwenye tumbo akabaki na tumbo lake. Wengi huishia kuuliza kama doa linatoka. Karibu kila mara linatoka, kwa hiyo swali hilo halimsaidii mtu kuamua. Kinachoua ni saratani iliyokwisha kuhamia kwenye tezi za limfu nje ya ukuta wa tumbo, na tezi hizo kamera haizioni. CT scan nayo huzikosa zikiwa bado hazijavimba. Kumchagua mgonjwa wa kuchunwa, basi, ni kukisia hali ya tezi zisizoonekana kwa kulisoma doa linaloonekana.

Jina lenyewe limechangia mkanganyiko. Wajapani walipoiweka maana ya saratani changa ya tumbo mwaka 1962, waliipima kwa kina tu: iliyokomea kwenye utando wa ute au kwenye tabaka lililo chini yake, tezi ziwe zimeguswa au hazijaguswa. Kwa hiyo "changa" haimaanishi "haijasambaa". Iliyobaki kwenye utando huwa na tezi zilizoambukizwa kwa wagonjwa 2 au 3 kati ya 100. Ikishavuka kiwambo chembamba cha misuli kilicho chini ya utando na kuingia tabaka la pili, idadi inakaribia 20 kati ya 100. Umbali kati ya hali hizi mbili ni pungufu ya milimita moja.

Kazi iliyobadilisha mambo ilichapishwa mwaka 2000. Gotoda na wenzake walirudia kumbukumbu za wagonjwa 5,265 wa hospitali mbili za saratani mjini Tokyo, ambao wote walikuwa wamekatwa tumbo na kuondolewa tezi, wakauliza: ni akina nani ambao tezi zao hazikuwa na kitu? Makundi manne yalijitenga. Ili kuyaelewa ni lazima kwanza kujua kwamba mpatholojia, mtaalamu anayesoma nyama za mwili kwa hadubini, huigawa saratani hii katika sura mbili kuu. Ipo yenye mpangilio, ambayo seli zake bado zinajaribu kujenga vijifereji kama vya utando wa kawaida. Ipo isiyo na mpangilio, ambayo seli zake hutapakaa moja moja, nyingine zikiwa na umbo la pete ya muhuri. Ya pili ni hatari zaidi, na mipaka yake hujificha.

Saratani yenye mpangilio, iliyokomea kwenye utando na isiyozidi milimita 30, hata kama ina kidonda: wenye tezi zilizoguswa ni sifuri kati ya wagonjwa 1,230. Yenye mpangilio, iliyo kwenye utando, isiyo na kidonda, ukubwa wowote: sifuri kati ya 929. Yenye mpangilio, isiyozidi milimita 30, iliyozama tabaka la pili kwa kina kisichofika mikromita 500 (nusu milimita), bila seli kuonekana ndani ya mishipa ya limfu au ya damu: sifuri kati ya 145. Isiyo na mpangilio, iliyo kwenye utando, isiyo na kidonda, isiyozidi milimita 20: sifuri kati ya 141.

Sifuri nne, lakini hazina uzito mmoja. Sifuri kati ya 1,230 inaacha nafasi ya hatari isiyozidi asilimia 0.3. Sifuri kati ya 145 inaacha nafasi ya hadi asilimia 2.5, na ile ya 141 hadi asilimia 2.6. Hatari ya ukubwa huo si mbali na hatari ya upasuaji wenyewe. Ndiyo maana kundi la isiyo na mpangilio lilikaa miaka mingi likitazamwa kwa jicho la wasiwasi, mpaka kazi nyingine ya mwaka 2009 ilipoongeza idadi kufika sifuri kati ya 310 na kushusha kikomo chini ya asilimia 1. Anayezisoma sifuri hizi bila kutazama zimehesabiwa kati ya wangapi atawapa wagonjwa wawili tofauti ahadi moja.

Kwa msingi huo, na baada ya majaribio yaliyofuata, mwongozo wa Japani leo unaruhusu kuchuna kama chaguo la kwanza kwa saratani ya kwenye utando iliyo yenye mpangilio bila kidonda kwa ukubwa wowote, yenye mpangilio na kidonda hadi sentimita 3, na isiyo na mpangilio bila kidonda hadi sentimita 2. Wengi hujifunza sheria hii kwa siku moja na kuitumia vibaya kwa miaka. Sababu ni kwamba vigezo vimejengwa juu ya tumbo lililokwisha kukatwa, likapasuliwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini, ilhali anayeamua yuko mbele ya skrini na doa lililo hai, lenye ute na mapovu, linalosogea kila mgonjwa anapopumua.

Chukua ukubwa. Lenzi ya endoskopu hupanua kilicho katikati na kubana kilicho pembeni. Doa la milimita 25 likitazamwa kwa mbali, kutoka pembeni, huandikwa 15 bila mtu kudanganya. Dawa ni ndogo: fungua koleo la biopsi, lile la kung'olea kinyama cha kupimwa, ambalo upana wa midomo yake umeshaupima kwa rula, liweke juu ya doa, hesabu. Kwa saratani yenye mpangilio isiyo na kidonda kosa hili halina madhara makubwa. Kwa isiyo na mpangilio, ambapo mstari umechorwa kwenye milimita 20, ndilo linaloamua kila kitu. Na huko mpaka unaouona si mpaka halisi, maana seli hutambaa chini ya uso huku juu utando ukionekana mzima. Hukumu yetu ni kwamba doa la aina hii linalosomeka milimita 18 au 19 lisihesabiwe kuwa limetimiza kigezo mpaka vinyama vinne vilivyochukuliwa kuzunguka pande zake virudi safi.

Kinyama chenyewe nacho hutoa ushuhuda wa kona moja tu. Koleo limeng'oa milimita mbili za doa lenye milimita 25, na saratani za tumbo hupenda kuchanganya sura zote mbili ndani ya doa moja. Jibu likisema "mabadiliko hafifu ya awali" ilhali doa limebonyea, ni jekundu na limevuka sentimita 2, liamini jicho kabla ya karatasi. Wala tiba ya shaka hiyo si kurudi na kung'oa vinyama sita vingine. Kila kinyama huacha kovu, na kovu hulifunga tabaka la chini, kiasi kwamba siku ya kuchuna maji yanayodungwa hayaliinui doa. Kinyama kimoja au viwili, kutoka mahali palipochaguliwa kwa kamera ya kukuza, vinatosha.

Kamera ya kukuza yenye mwanga mwembamba wa bluu na kijani imekuwa rafiki mkubwa hapa. Vitu viwili hutafutwa: mstari dhahiri unaotenga doa na utando wa kando, na ndani ya mstari huo, vishipa vya damu au mchoro wa uso usio na utaratibu. Palipo na mstari lakini ndani pana utaratibu, huenda ni uvimbe wa kawaida tu. Ugumu umeongezeka kwa watu waliotibiwa Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni anayechangia saratani hii, maana baada ya bakteria kuondoka uso wa saratani hufunikwa hapa na pale na seli zinazofanana na za kawaida, na mstari hukatika katikati kama barabara iliyomezwa na nyasi.

Kidonda kinastahili muda zaidi, kwa sababu ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Saratani changa inaweza kuchimbika kidonda kutokana na asidi. Ukimpa mgonjwa dawa kali za kupunguza asidi kwa wiki nane, kidonda hufunga, uso hunawiri, na asiyejua historia ataandika "hakuna kidonda". Lakini kovu limebaki chini, na kwa vigezo vya kuchuna, kovu la kidonda ni kidonda. Litafute kwenye mikunjo ya tumbo: ikielekea kwenye nukta moja kama vijiti vya mwavuli, pana kovu. Upande mwingine, kovu dogo lililoachwa na koleo la biopsi lisihesabiwe kuwa la kidonda. Likihesabiwa, doa la sentimita 3.5 lililostahili kuchunwa litatupwa kwa mpasuaji bila sababu. Kidonda kikiwa wazi na kibichi, kina hakisomeki kwa uhakika, kwa sababu uvimbe wa kidonda huifanya saratani ya juujuu ionekane nzito. Anza na dawa, mwite tena mgonjwa, soma upya. Wiki nane hizo si hasara.

Kina ndicho kigezo kigumu kuliko vyote. Hakuna kamera inayopima mikromita 500. Kinachowezekana ni kutafuta dalili za kuzama sana: ukingo ulioinuka kama wa sahani, sehemu ya kati iliyovimba kama donge, mikunjo iliyonenepa ncha na kuungana. Ipo pia dalili moja inayohitaji hewa tu. Jaza tumbo hewa hadi ukuta ukaze vizuri. Saratani ya kwenye utando itatandazika pamoja na ukuta na karibu ipotee. Iliyozama kwa kina inabaki imesimama, bapa juu na mteremko pande zote, ikiivuta mikunjo pamoja nayo. Anayetazama tumbo lililojaa nusu haioni, kisha hulaumu mashine. Ultrasound ya ndani huongeza taarifa pale kamera inapobaki na shaka, lakini palipo na kidonda au kovu hupotoka kwa namna ileile, kwa kudhani kina ni kikubwa kuliko kilivyo.

Hapa ndipo msimamo wetu unapoachana na tabia ya "kwa usalama apelekwe upasuaji". Makosa ya kusoma kina yako ya aina mbili, na gharama zake hazilingani. Ukiidhania ya utando ile iliyozama, ukaichuna, mpatholojia atakwambia, na upasuaji bado unawezekana. Mgonjwa amepoteza wiki chache na kupitia hatari ya kuvuja damu au kutoboka. Ukiidhania imezama ile iliyokuwa kwenye utando, tumbo limeshakatwa na halirudi: kupungua uzito, kuhara baada ya kula, upungufu wa damu, maisha yote. Tena mpatholojia atakapoandika "utando tu, tezi 32 safi", karatasi hiyo itapokewa kama habari njema, na hakuna atakayeliita jambo hilo kosa. Kwa doa ambalo dalili za kuzama zina utata, na ambalo linaweza kutoka kipande kimoja, kuchuna ni kipimo kamili kuliko vyote vilivyotangulia.

Mahali doa lilipo huongeza au hupunguza nguvu ya hoja hiyo. Sehemu ya chini ya tumbo, upasuaji mbadala huacha kipande kizuri cha tumbo, na kuchuna pia ni rahisi. Sehemu ya juu, upasuaji mbadala unaweza kuwa kuondoa tumbo lote, kwa hiyo faida ya kujaribu kuchuna ni kubwa. Ndiko pia ukuta ulikokuwa mwembamba, mishipa minene, na damu hukusanyika juu ya doa kwa sababu ya mlalo wa mgonjwa. Penye faida kubwa ndipo penye ugumu mkubwa. Doa la namna hiyo lisimfikie anayejifunza.

Ushahidi kwamba mpango huu hufanya kazi uko kwenye jaribio la Japani lililopewa namba JCOG0607. Wagonjwa 470 wa saratani yenye mpangilio, wenye doa linalozidi sentimita 2 bila kidonda au lisilozidi 3 likiwa na kidonda, walichunwa na kufuatiliwa. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 97.0. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali. Isiyonukuliwa ni kwamba vipande vilipokaguliwa, ni wagonjwa 317 tu, asilimia 67, waliokuwa wametimiza vigezo vya kupona. Theluthi moja ya watu waliochaguliwa na wataalamu kwenye vituo bora walikuwa wamechaguliwa pasipo sawa, kwa kipimo cha hadubini. Matokeo yalibaki mazuri kwa sababu wengi wa hao 153 waliobaki, watu 131, walikwenda kufanyiwa upasuaji. Yaani uchaguzi hufanyika mara mbili, na mara ya pili ndiyo inayookoa. Kituo kinachojivunia asilimia 97 ilhali hakina njia ya haraka ya kumfikisha mgonjwa kwa mpasuaji kinanukuu matokeo ya watu wengine.

Uchaguzi huo wa pili unategemea ubora wa kipande. Doa huwekewa alama za moto kuzunguka, kama milimita 5 nje ya mpaka, na kwa isiyo na mpangilio ni busara kufika milimita 10. Maji yenye rangi hudungwa chini ya utando, hukatwa mzunguko mzima nje ya alama, kisha tabaka la chini huchunwa karibu na misuli, mishipa ikichomwa kabla haijakatwa. Kunasa kwa kitanzi kunakubalika kwa madoa yasiyozidi milimita 10 hadi 15 yenye uso ulioinuka na dalili ndogo za ubaya. Zaidi ya hapo kitanzi hukata vipande vipande, na vipande havina ukingo wa kusomwa. Kipande kikitoka kinanyooshwa palepale juu ya ubao laini, kinabanwa kwa pini ukingo mzima, uso juu, kabla ya kuingia kwenye fomalini. Kisipobanwa hujikunja kama jani kavu, mpatholojia hukata kwa mshazari, na mikromita 400 husomeka 700. Mpatholojia hukikata mistari ya upana wa milimita 2, sambamba. Mgonjwa amewahi kupoteza tumbo kwa sababu ya pini ambazo hazikuwekwa.

Majibu hupangwa kwa herufi. A ni iliyotoka nzima, kingo safi, mishipa safi, ndani ya vigezo. B ni ile yenye mpangilio, isiyozidi sentimita 3, iliyozama kwa kina kisichofika mikromita 500, nayo imetoka nzima, kingo na mishipa safi. C-1 ni yenye mpangilio ambayo dosari yake pekee ni ukingo wa pembeni au kutoka vipande, na hapo hatari ni kurudi palepale, si tezi, kwa hiyo kuchuna tena kunawezekana. C-2 ni mengine yote, na kanuni yake ni upasuaji.

Hata hivyo C-2 si kapu moja. Alama za eCura, kipimo cha kukadiria hatari ya tezi, huwagawa wagonjwa hao: seli ndani ya mishipa ya limfu ni alama 3. Ukubwa unaozidi milimita 30 ni 1, ukingo wa chini wenye saratani 1, seli kwenye mishipa ya damu 1, kina cha mikromita 500 au zaidi 1. Alama 0 hadi 1, tezi huwa zimeguswa kwa asilimia 2.5. Kati ya 2 na 4, asilimia 6.7. Kati ya 5 na 7, asilimia 22.7. Kwa mzee wa miaka 84 mwenye moyo dhaifu na alama 1, kumfuatilia ni uamuzi wenye hoja. Kwa mtu wa miaka 55 mwenye alama 5, kumfuatilia ni kumtelekeza. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya kuchuna, mgonjwa akiwa na nguvu za kufikiri, na jibu lake liandikwe kwenye faili: "likirudi C-2, nitakubali upasuaji" au "sitakubali". Asiyekubali kwa vyovyote bado anaweza kuchunwa, lakini vigezo vyake na matarajio yake si vilevile.

Mwili wa mgonjwa una kauli pia. Damu kuvuja siku kadhaa baadaye huwapata kama 5 kati ya 100, lakini wastani huo huficha mengi. Kipimo cha BEST-J hutoa alama 4 kwa anayetumia warfarini, 4 vilevile kwa dawa mpya za kuzuia damu isigande, 3 kwa anayesafishwa damu kwa mashine, 2 kwa dawa za kundi la klopidogreli, 1 kwa aspirini, na 1 kwa kila moja ya haya: silostazoli (dawa nyingine ya damu), doa linalozidi milimita 30, doa la sehemu ya chini ya tumbo, au madoa zaidi ya moja. Alama 1 hupunguzwa kwa kila aina ya dawa za damu iliyosimamishwa. Mwenye alama 0 au 1 ana hatari ya asilimia 2.8. Mwenye 5 au zaidi, asilimia 29.7. Huyo wa mwisho anaweza kuchunwa, ila asiruhusiwe kwenda nyumbani mbali na hospitali siku ya tatu.

Na tumbo lililobaki ni lilelile lililozaa saratani ya kwanza. Katika jaribio la Korea lililochapishwa mwaka 2018, waliotibiwa Helicobacter pylori baada ya kuchunwa walipata saratani nyingine kwa asilimia 7.2, na wasiotibiwa asilimia 13.4, katika ufuatiliaji wa karibu miaka sita. Hata waliotibiwa hawakufika sifuri. Ndiyo maana siku ile ya kwanza, kabla ya koleo, rula na pini, huulizwa pia kama mgonjwa huyu ataweza kurudi kwa kamera kila mwaka, na ni nani atakayemkumbusha.